Jina la Keren mu ordinateri

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi wa kumi

Leo courant ya umeme imerudi asubuhi, na ordinateri, ile kompyuta ya Keren, ikawaka yenyewe kule bureau, ofisi yake ndogo. Yeye ndiye aliipanga vile, akaniambia: "Mama, courant ikifika tu, masini inaamuka mbele ba clients hawajafika kuandikisha barua!" Nilikuwa jikoni, maji ya chai ku moto. Nikasikia ile sauti yake ya kuamuka. Kila mara! Naacha kila kitu, nakimbia kama yeye ndiye ameibonyeza.

Nakuta kiti kitupu. Naandika mot de passe, lile neno la siri, na ekrani inamukaribisha: Bienvenue, Keren Kavugho. Nami namusalimia kwa kilugha chetu, "Wabukire, mwana wangu."

Mungu anisamehe, nasalimia masini.

Tangu mwezi wa ine ni vile. Alikuwa ameenda Mangina kusaidia dada yangu Kahongya kuvuna kakao. Wale watu wa pori, wale waasi, wakaingia mu shamba. Dada tulimuzika. Keren hatukumupata. Hapana maiti, hapana habari, hapana hata kiatu. Watu wa kule wanasema wengine walibebwa wazima. Donc basi, mimi nangoja.

Siku ya pili, tarehe 7

Baba mukubwa Zorobabel amefika kutoka Beni, kaka mukubwa wa marehemu mume wangu. Amekula, amenawa mikono, ndipo akasema. Anataka siku ya posho, Jumamosi, tukate mugomba wa ndizi, tuuvalishe kitenge cha Keren, tuuzike. Eti wakubwa wa ukoo walifanya vile juu ya mutu aliyepotea, ili watu wapumue.

Nikamwambia, ukizika mutu unaacha kumutafuta.

"Mama Keren, na nani anamutafuta?"

"Mimi!"

"Unamutafuta wapi? Jikoni?"

Nilitoka nje. Nililia nyuma ya nyumba, kule kuku wanalala. Nikarudi nikamupa chai, juu ni mugeni na ni mukubwa. Hakuinywa. Aliishika tu mupaka ikapoa.

Siku ya ine, tarehe 9

Leo nimesema uongo mbele ya mutu wa kanisa.

Tamar, mutoto wa kaka yangu, ndiye anapokea ba clients sasa: kuandika barua, kuchapa programu za ndoa. Mais lakini kila asubuhi ananingoja mimi nifungue. Keren aliniachia mot de passe siku ile ya kuondoka, mimi peke yangu. Naiandika nikiwa nimegeuzia Tamar mugongo. Hata hapa siiandiki.

Basi wameleta Éliakim, yule anatengenezaka sonorisation, vyombo vya sauti vya kanisa letu. Anasema masini inakula bure batri ya solaire, ile ya jua, inabaki wazi muchana muzima hata kama hakuna mutu. Inatakiwa ilale ikikosa kazi. Na ianze na jina la Tamar, na mot de passe ya Tamar.

"Mama, ile ya zamani ni nini?"

"Siijui."

Tamar akaniangalia. Mutoto mwenye adabu, na macho yake yaliniuma kupita maneno.

Éliakim akakuna kichwa. "Basi nitafuta yote, tuanze upya."

"Yote?"

"Yote, mama. Ba picha, ba sauti."

Atarudi siku ya posho. Siku ile ile ya mugomba!

Siku ya tano, tarehe 10

Hakuna courant. Nimeomba tangu asubuhi. Bwana, niambie tu ni muzima ao hapana.

Siku ya posho, tarehe 11

Éliakim amerudi. Kwanza aliiwasha na kuingia mu ekrani moja ya buluu ya kuipangia, kabla masini haijaamuka vizuri. Akabonyeza, akabonyeza. Kisha ikauliza mot de passe. Nikasema, nipishe. Nikaiandika mwenyewe.

"Kumbe mama alikuwa anatuficha!" Alicheka, mais polepole.

Ametia vitu vyote vya Keren ku clé USB, hakuna kilichopotea. Amefungua kimoja kujaribu. Ni ba mama wa chorale, kwaya yetu, mu mazoezi, na Keren anawagombeza: "Ba mama, tena! Mukianza kabla yangu naenda kwetu!" Na sisi tunacheka. Kicheko changu kiko mule pia. Sikujua ninacheka vile. Tamar alitoka nje.

Kisha akanieleza. Jina la Keren bado liko wazi sasa. Mais nikiacha dakika kumi bila kugusa kitu, masini itazimika. Ikiwashwa tena, itafunguka na jina la Tamar, jina la Keren halitaonekana. Na courant ikirudi, haitaamuka yenyewe tena.

Nikamuuliza, nani amekuomba hii ya mwisho?

"Ni baba Zorobabel, mama. Anasema ile sauti inakuua kidogo kidogo."

Haikuwa uongo.

Éliakim ameenda kusaidia kuchimba kaburi.

Ni mimi peke yangu ku kiti cha Keren. Jembe linasikika nyuma ya nyumba. Mugomba umeshafika, niliuona ku dirisha umelazwa ku mukeka, murefu kama yeye. Baba mukubwa anaita: "Mama Keren, leta kitenge!" Sauti yake imepasuka. Naye anamulilia, Bwana, nisisahau hiyo.

Ekrani inaanza kuwa giza. Nagusa souris, kile kipanya cha masini. Inarudi. Jina lake liko pale.

Anaita tena. Sitaki wamuzike mama yake akiwa hayuko. Sitaki pia — ee Mungu wangu, sijui nisichotaka.

Giza. Nagusa.

Tamar amesimama ku mulango na kitenge, amekitoa mu sanduku bila kuniuliza. "Shangazi, wanangoja." Nimemwambia: leta hapa. Wewe kaa ku kiti hiki. Mimi naenda kule, nawe ushike hii souris, uisogeze kila mara, usiache izimike.

Amekaa. Ameishika. Ananiuliza mupaka saa ngapi.