Breka Iliyochelewa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na usingizi unakuja. Sisi huku wazima, chakula kinapanda. Mjukuu wako mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, na akicheka ni wewe mtupu, usinikasirikie.

Barua yako nimeipata. Unasema mdogo wangu amefika kwako na sanduku lake, hasemi kitu, na kila asubuhi unamsema kwa uzembe uliomfukuzisha kazi. Unataka mimi, kaka mtu, nimwandikie nimkanye. Kwanza nikueleze kilichoharibika, maana kwako umeme ni kuwasha taa na kuzima.

Pale kiwandani kila mashine kubwa ina breka yake, ndani ya kabati la chuma linalokupita kimo. Kazi yake ni kukata umeme pakitokea hitilafu. Nguvu ya kukata inatoka kwenye springi, na ziko mbili. Mota ndogo inaikaza ya kwanza mpaka inashikwa na kishikizo, kama mtego wa panya ulivyotegwa. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kishikizo kinaachia, springi inafyatuka, vyuma vinakutana, paa! Umeme unapita. Papo hapo ile ya kwanza inaikaza ya pili, yaani breka ikiwaka tu, imeshajitega kuzima. Hii ya pili inazuiwa na kishikizo kingine kidogo kama ukucha. Hitilafu ikitokea, sumaku inakisukuma, kinaachia, na vyuma vinaachana kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo kile kiukucha lazima kiwe kisafi, chenye tone moja la mafuta mepesi. Kikinata, umeme haukatiki.

Haya mdogo wangu aliyajua kwa miaka mitatu. Mimi yalinichukua tisa. Kazi nilimtafutia mimi, Mama, hata spana nilimfundisha kushika mimi. Halafu wenzetu wakaanza kumwita Dokta, ati anasimama nje ya kabati, breka inalia mara moja tu, anajua springi ipi imechoka. Mimi nikawa kaka yake Dokta! Alipopewa usimamizi wa karakana, meneja akaniambia nimpongeze. Nikampongeza huku roho inaniuma. Nilimwonea wivu hata kwa ile kofia nyeupe ya usimamizi, yangu ikiwa bado ya njano.

Basi siku mota ya kinu ilipopata shoti, breka ilichelewa. Ni muda wa kumeza mate tu, lakini ulitosha. Mota ikashika moto na mwendesha kinu akaungua mkono wa kulia. Anapona, ila vidole viwili bado havikunjiki. Walipofungua kabati, wakakuta kiukucha kimenata kwa grisi nzito iliyokauka na vumbi. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa na sahihi ya mdogo wangu. Akaapa kwamba alikisafisha na kutia mafuta mepesi. Meneja akanigeukia mimi, fundi mkongwe na kaka yake. Nikasema labda alisahau, siku hizi ana mambo mengi.

Mama, hakusahau. Ile grisi niliipaka mimi. Alikuwa ameshatia sahihi, akaenda kula. Kesho yake wakubwa walikuwa waje kuona breka ikijaribiwa, nami nilitaka izubae kidogo mbele yao, Dokta aaibike, basi. Majaribio yakaahirishwa. Jumapili tatu mashine zilizimwa, na kila Jumapili ningeweza kuifuta kwa kitambaa. Nilikuwa nikimwona anavyoamrisha watu, nasema wiki ijayo.

Na kubwa bado hujalisikia. Siku anaondoka alikuja chumbani kwangu, akaweka mezani kopo langu dogo la grisi nzito ya beringi, ambayo karakana nzima naitumia mimi peke yangu. Aliliokota chini ya lile kabati siku ile ile ya moto. Hata alipokuwa anahojiwa, na mimi namkandamiza, lilikuwa mfukoni mwake. Akaniomba kitu kimoja tu, nisikwambie wewe, kwa sababu utaumia. Hata hapo amenishinda, Mama, na hata sasa ninapoandika namwonea wivu.

Jumatatu nampelekea meneja nakala ya barua hii, kisha naenda kwa mwendesha kinu. Wakinifukuza, nimestahili. Wakinifunga, mke wangu ameshajua, nimemwambia jana.

Wasalimie majirani na wote wanaoniulizia. Mdogo wangu usimpe salamu zangu, nitakuja kupiga magoti mwenyewe. Kesho asubuhi, kabla hujafungua mdomo kumsema, mpe barua hii aisome. Atakasirika kwamba nimekwambia.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza