Jibu Lako kwa Binti wa Bima

Hajji,

Ni mimi Baluku, dereva mwenzako wa Kasese mpaka Mpondwe. Wewe umepumzika, mimi bado nabeba vitunguu vya watu. Juzi yule binti wa bima alirudi Bwera kutuandikisha tena, na nimekukasirikia upya.

Unakumbuka alivyokuja mara ya kwanza, chama chetu cha madereva kilipojiunga? Tuliketi kwenye benchi, akatuuliza mmoja mmoja. "Hajji, afya iko namna gani? Uko na ugonjwa yoyote?" Ukajibu, "Alhamdulillah, mi niko muzima kabisa." Ulimjibu kama unavyomjibu yeyote anayekusalimia. Kwani nani kwetu huulizwa hali akaanza kutaja maradhi yake mbele za watu? Hata mwenye homa husema mzima kwanza.

Lakini vidonge vyako vya sukari vilikaa miaka yote kwenye kikopo cha peremende, kando ya gia. Kule ziwani Kahendero, tukingoja samaki, ulikunywa chai isiyo na sukari, nami nikakutania kwamba hayo ni maji ya kuoshea vyombo. Ukacheka: "Sukari yangu nilimalizaka nikiwa mutoto."

Kidonda cha mguu kilipokulaza hospitali, watu wa bima wakauliza kliniki, kliniki ikasema kweli: ulikuwa na sukari kabla hujajiunga, na hukuitaja. Wakakataa kulipa. Hawakukuita mwongo, ila Mama Zaituni, mkeo, alisikia hivyo. Akauza lori lako alipe hospitali. Lori likaenda, na wewe ukaenda. Bado linapita hapa, limepakwa rangi ya kijani, na mimi hugeuza uso. Inaniuma, Hajji.

Sasa sikia ya juzi. Tangu tukuzike nimeambiwa nina presha. Mwenyekiti wetu alituonya kabla binti hajafika: "Mutu asiseme ugonjwa. Mukisema, bei itapanda kwa wote." Nikaketi benchi lile lile. Nilipoulizwa afya, ulimi ulitaka kusema mzima, kwa mazoea tu. Nikasema, "Niko na presha. Nakunywa dawa kila siku." Mwenyekiti hajanisalimia mpaka leo.

Na usidhani nimepewa zawadi. Malaria na ajali watalipa, lakini presha, binti ameniambia, nisubiri mwaka mzima kwanza. Kwa hiyo naendesha na hofu. Nikianguka kabla mwaka haujaisha, mke wangu Biira atauza shamba letu la Karusandara kama mkeo alivyouza lori. Sijui nilifanya la akili au la ujinga. Najua tu kwamba nikianguka baada ya hapo, hakuna atakayemwambia mke wangu kwamba nilificha.

Kuna jingine, na hili linaninyima usingizi. Mwanao Zaituni siku hizi anakunywa maji sana, kikombe juu ya kikombe, kama wewe. Mama yake anasema ni joto. Nakuahidi, nitampeleka kupimwa mwenyewe, na jibu likiwa baya nitaketi naye benchi lile mpaka aliseme.

Kwaheri, Hajji wangu. Huko uliko, wakikuuliza hali, uwajibu tu Alhamdulillah. Huko hakuna atakayekwenda kuuliza kliniki.

Baluku