Kama Kweli Samaki Hula Nzi wa Uzi

Mama Atieno,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari niliyo nayo ukiisikia nusu utasema nimelewa.

Nakuandikia nikiwa Sanyuanli, hapa Guangzhou, China, chumba cha ghorofa ya saba, mizigo imenijaa mpaka mlangoni. Jumapili nilienda mtoni. Mimi Wambui, uliyekuwa ukinifukuza mezani kwa sababu ya kucha ndefu. Na kile ulichoniuliza nimekiona kwa macho yangu.

Miaka ishirini na mitano ulifunga nzi wa kuvulia samaki katika kile chumba cha mabati chini ya Mlima Kenya. Ndoana ndogo iliyobanwa kwenye jiliwa, unyoya wa shingo ya jogoo, manyoya ya sungura, uzi, tone la rangi ya kucha kichwani, basi, nzi tayari, anaingia kwenye boksi kwenda Ulaya kuvua trauti. Nyinyi wanawake watano na mimi mwanafunzi wenu, redio na chai ya saa nne. Mto wenye trauti ulipita chini kabisa ya mashamba, lakini kuvua kulitaka kibali, na nani kati yetu angeenda kukata kibali cha kuchezea samaki? Hakuna aliyewahi kusimama pale akaona. Ndipo ukaingiwa na shaka. Ulisema samaki mjinga kiasi hicho hajazaliwa. Ulisema wazungu huwachomeka nzi wetu kwenye kofia, ni mapambo, wanaona haya tu kutuambia. Tulicheka mpaka tukakuita Mama Mapambo.

Ila siku ile hospitalini, nilipokuja kukuaga, hukucheka. Ulinipa kiberiti chenye nzi kumi na wawili wa kahawia, wa mwisho uliofunga, ukaniuliza, "Wambui, au nimefanya kazi ya uongo maisha yangu yote?" Nami nikakwambia upumzike. Jibu gani hilo, Mama? Wiki tatu baadaye Atieno alinipigia simu nikiwa kwenye ofisi ya mizigo, nimeshika mkanda wa gundi, akaniambia umetutoka. Tangu hapo swali lako limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku hizi sifungi nzi. Nanunua mikoba kule Shiling, mji mzima unanuka ngozi na gundi, naituma Nairobi. Mmoja wa nzi wako nilimpaka rangi ya kucha mwili mzima asiharibike, nikamchomeka kwenye mkoba wangu, nikupate karibu. Naam, kama pambo. Nisamehe.

Sasa kuna laoban mmoja, ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, anauza vifungo vya mikoba. Mtu wa "meiyou" tu, hakuna, hakuna, wala hainui macho. Mwezi uliopita aliinua. Alimwona yule nzi, akaweka kalkuleta chini, akazunguka meza yake, akainama mpaka pua yake ikakaribia mkoba. Akauliza nani amemfunga. Kichina changu ni cha sokoni, nikasema mama yangu. Sikuona kama nimedanganya. Kumbe yeye huvua kwa nzi kila Jumapili, na akasema atanipeleka mtoni tumjaribu nzi huyu, ila tungoje maji ya mvua.

Tukangoja. Huku mwanzo wa majira ya joto mvua hainyeshi, inamwagwa. Ilimwagwa wiki nzima, kisha akangoja siku nne zaidi mto usafike. Tulipofika kwenye vilima vya Conghua maji yalikuwa ya magotini, rangi ya chai isiyokolea, na kando ya mawe unaona mpaka chini. Hewa ya moto kama mvuke wa ugali, lakini mguu ukiingia mtoni, baridi inakupanda hadi kwenye meno. Trauti hawapo, hata baridi hiyo haiwatoshi. Yupo samaki wanayemwita makou, na laoban alisema msimu huu, maji yakishuka hivi, ndipo anapokula juu ya maji.

Halafu wadudu wakaanza kutoka. Mama, walitoka ndani ya maji yenyewe, wakasimama juu ya mto kukausha mabawa, halafu wakaruka. Mmoja akatua mkononi mwangu. Alikuwa wa kahawia. Mkia wake nyuzi mbili, mabawa yamesimama na kulalia nyuma kidogo, kifua kinene pale pale ulipokuwa ukizidisha manyoya ya sungura. Wewe ulinakili kutoka kwa kielelezo kilichobandikwa kwenye kadi. Hukuwahi kumwona mdudu huyu, na ulikuwa umemfunga maelfu ya mara bila kukosea.

Laoban akamfunga yule wa kwenye mkoba kwenye mshipi wake, akamrusha. Akazama kama msumari. Akamrusha tena, samaki mmoja akaja, akamtazama, akageuka zake. Mara ya tatu hivyo hivyo. Nikakaa kwenye jiwe. Nikajiambia basi, Mama Atieno alisema kweli, na mimi ndiye niliyekuja mpaka China kumthibitishia.

Laoban akamvuta, akamkwaruza kwa ukucha, akamnusa, akanitazama. Rangi ya kucha! Mimi, niliyechapwa vidole na wewe kwa kuivusha rangi hata unywele mmoja zaidi ya kichwa, nilikuwa nimemgandisha nzi mzima. Angeeleaje?

Nikafungua kiberiti. Nilikuwa nimeapa wale kumi na mmoja hawatagusa maji. Laoban hakuchukua mwenyewe, alinyoosha mikono miwili akangoja nimwekee mmoja. Huyo alitua, Mama, akasimama kwenye ncha za unyoya wa jogoo, miguu mikavu, akateremka na mto akipita kati ya wale wa kweli hata nikakaribia kumpoteza. Kisha pale alipokuwa pakafunguka duara, na hakuwepo.

Samaki alitoka akiwa na mistari ya buluu na kijani na tumbo jekundu, si mkubwa, anaenea kiganjani. Nzi wako alikuwa kwenye pembe ya mdomo wake. Niliingia majini na viatu vyangu, nikapiga magoti, nikamtazama kwa karibu mpaka nikaona jicho lake. Nililia. Sikulia hivyo hata ulipofariki, nilikuwa kwenye ofisi ya mizigo, na watu walikuwa wanangoja. Nikasema kwa Kiswahili, amemla, Mama, amemla. Laoban hakuelewa neno hata moja lakini hakunikatiza. Alimnasua samaki, akamwachia. Nzi yule mmoja alivua samaki watano, unyoya ukaliwa nusu, na uzi wako haukulegea.

Jumatatu niliwapigia wenzako. Bado wako wanne katika kile chumba. Wakaniweka kwenye spika, nikaeleza yote, maji, mdudu, samaki. Mtu akapunguza redio. Halafu Mama Njeri, unajua sauti yake ilivyo ndogo, akauliza, "Hata hawa wangu wa kijani?"

Ana miaka thelathini kwenye ile meza.

Desemba narudi nyumbani. Nitawakatia vibali wote wanne, na kila mmoja atashuka mtoni na nzi aliyemfunga mwenyewe. Tutakaa pale hata kama ni siku tatu, mpaka wa kijani naye aliwe.

Kwaheri, Mama Atieno. Kazi yako ilikuwa ya kweli. Wewe nilikuchelewea. Hawa nitawafikisha macho yao yangali yanaona.

Wako,
Wambui