Filimu za Sévère

Bujumbura, 20 Novemba 1964

Kwa mudogo wangu Domitille,

Salamu nyingi. Muguu wa Mama umepona? Minye niko muzima huku ng'ambo ya ziwa, ni usingizi tu unanikimbia.

Muzungu mmoja wa sinema ameona picha zangu. Anasema: "Sévère, leta filimu zote ulizopiga wakati waasi walishika Uvira, nami nitakutuma Ulaya ujifunze sinema." Miaka yote nilipiga picha za ndoa na ubatizo nikingojea neno hilo! Filimu ziko mu sanduku, chini ya kitanda changu. Umpe Libérat muvuvi, azivushe na mutumbwi. Fanya haraka.

Yaya yako,
Sévère

Uvira, 6 Desemba 1964

Kwa yaya Sévère, kaka yangu mukubwa,

Pole na ugeni. Mama anatembea sasa, lakini hali si nzuri hapa mutaani Kimanga.

Askari wa serikali wamefukuza waasi, wakavunja studio yako. Walikuta picha ya Hyacinthe, mutoto wa Mama Generose, amesimama na mukuki, wakasema ni muasi. Ule mukuki haukuwa wake, unajua, aliuazima tu kwa kupiga picha. Mama yake alipiga magoti akawaambia vile. Wakamujibu, "Picha haidanganyi." Walimupiga Hyacinthe risasi kwenye barabara ya Makobola.

Yaya, mu sanduku lile mulikuwa vijana wa mutaa muzima. Nimechoma filimu zote. Usinichukie.

Mudogo wako,
Domitille

Bujumbura, 15 Desemba 1964

Domitille,

Muzungu amekwenda. Nani alikupa ruhusa? Yale yalikuwa maisha yangu. Usiniandikie tena.

Sévère

Bujumbura, 11 Aprili 1965

Mudogo wangu Domitille,

Mama anaamukaje? Na weye? Nisamehe kunyamaza.

Filimu moja ilikuwa imebaki ndani ya aparei yangu ya kupigia picha. Niliiosha juzi. Haina vita: vijana wanavuta wavu, na Hyacinthe iko anacheka, mudomo wazi kabisa. Nilikaa chini nikalia. Naituma na Libérat, picha pamoja na filimu yenyewe. Sikubakisha kitu. Ni vya Mama Generose; hata akitaka kuvichoma, ni yeye.

Yaya yako,
Sévère

Uvira, 2 Mei 1965

Kwa yaya yangu,

Mama anakusalimu, anasema urudi ule samaki.

Nilimupelekea Mama Generose picha. Aliishika, hakulia. Kisha akaniambia: "Muandikie Sévère. Yeye alikuwa pale. Aniambie mutoto wangu alikuwa anacheka nini."

Yaya, tunangojea.

Domitille wako