Mume Wangu Anasema Mifupa Dhaifu ni Maradhi ya Kike

Bi Selma mpendwa, nisaidie kabla kichwa hakijanipasuka. Mimi ni Mongia, nina miaka hamsini na sita, naishi nje kidogo ya Sfax, na mwaka jana niliteleza nikavunjika mkono, daktari akanipima mifupa akasema imeanza kuwa myepesi, kwamba sisi wanawake hedhi ikishakoma mifupa hupungua mbio mbio, na mume wangu Laroussi, mzee wa miaka sabini na mbili mwenye kifua kama mlango wa zizi, akacheka mpaka machozi, kila akija mgeni anamwambia, "Huyu msimkumbatie, atakatika," nami nikavumilia. Basi msimu huu wa zeituni ameinama tu kuinua gunia, akapiga ukelele, tukamkimbiza hospitali, picha ikaonyesha pingili ya uti wa mgongo imebonyea, na alipopimwa, Bi Selma, mifupa yake ni dhaifu kuliko yangu! Yeye anafoka, "Wamechanganya majibu! Mimi hedhi nimeipata lini hata inikome?" Wifi yangu Habiba anasema nimemwambukiza kwa kulala naye kitanda kimoja, daktari anasema ni umri na vile vidonge vikali vya pumu alivyomeza miaka na miaka, lakini kama ni umri, mbona ulianza na mimi niliye mdogo? Dawa hataki, eti za wanawake, na jana nimemkuta anaegemeza ngazi kwenye mzeituni, nikaishika nikalia, akasema, "Niachie, mama, nikikaa chini nani ataniita mwanamume?" Sijui nimwamini nani. Je, nimemwambukiza kweli? Niifiche ngazi?

Mongia, futa machozi. Mifupa haiambukizi, na Habiba mwambie hivyo mbele ya watu. Mwanamume huanza na akiba kubwa ya mifupa, naye huipoteza polepole; mwanamke huporomoka ghafla hedhi ikikoma. Ndiyo maana wewe ulitangulia. Lakini wakifika sabini hivi, wote wanapungua kwa mwendo mmoja, na vidonge vile vya pumu vimemsukuma mumeo zaidi. Asiviache kwa kukurupuka lakini. Pumu nayo inaua. Amuulize daktari.

Nawe nikugombeze kidogo: umemvumilia akikufanya kichekesho mwaka mzima, na dawa yako mwenyewe hukuitaja hata kwa neno moja. Unaimeza? Kuleni dagaa na jibini, oteni jua la asubuhi, tembeeni pamoja, ondoeni mazulia yanayoteleza. Ngazi usiifiche, atanunua nyingine.

Nilimpigia mumeo kwa namba uliyoniachia. Alianza kwa kunifokea: "Mama, wewe ni daktari?" Nikamjibu, "Hapana baba, ila wewe ndiye mgonjwa." Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake alianguka akavunjika nyonga akiwa na umri kama wake, akalala, wala hakuinuka tena. "Nikikubali ni mifupa," akasema, "nitakuwa nimeshalala." Ameniruhusu nikuambie, maana yeye mwenyewe hawezi.

Kwa hiyo, Mongia, leo usigombane naye. Mtengee chai, kaa karibu naye, muulize habari za baba yake, umsikilize mpaka amalize. Kesho asubuhi mshike mkono mwende kwa daktari, wote wawili, mkachukue dawa zenu.