Meza ya Dirishani

Jumatano, 2 Julai

Mkahawani wametaka tena kunipeleka nyuma ya pazia, kwenye vyumba vya familia. Nimekataa tena. Mwanamke akija peke yake hufichwa, hata kama hiyo familia haipo. Nimekaa meza ya dirishani, pale pale pa wiki iliyopita. Nje joto la kuchoma nyayo. Ndani theluji ya plastiki kwenye vioo, kengele za ng'ombe ukutani, na kiyoyozi kikali mpaka wanakupa blanketi. Eti ndiyo milima ya Ulaya hiyo, ndani ya moli ya Bawshar, hapa Maskati.

Mhudumu ni yule yule binti wa Kikenya, Mercy. Nimeagiza chungu cha jibini ya moto, ile ya kuchovya mkate. Akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo huwa ni ya watu wawili." Nikamwambia alete ya watu wawili. Kaleta na uma mbili ndefu. Ya pili nimeiacha mbele ya kiti kitupu.

Mkate umenidondokea chunguni mara nne. Sikushiba. Jibini si chakula cha mtu aliyelelewa kwa wali. Lakini nimekaa saa nzima na sikumpakulia mtu.

Alhamisi, 3 Julai

Nasser, mwanangu mkubwa, kapiga simu. Tiketi tayari. Nyumba ile ile, mji ule ule wa Austria. "Mara hii jiko lao wamelitengeneza upya, mama. Utafurahi."

Sikufurahi.

Wenyewe huenda mji ule wakati wa baridi, kuteleza juu ya theluji. Sisi huenda Agosti, kulikimbia joto la Maskati. Marehemu mume wangu Saidi, Mungu amrehemu, hakuamini chungu cha mtu. Huenda kimeingia mafuta ya nguruwe, huenda kimeingia mvinyo. Basi kila mwaka tulibeba mchele, bizari, papa mkavu na lile sufuria kubwa, na mpishi mimi. Watu tisa, mchana na usiku. Mwaka mmoja mwenye nyumba alikuja kugonga mlango kwa harufu ya papa. Alidhani kuna kitu kimekufa.

Dirisha la jiko linatazama mkahawa. Viti vya mbao viko nje, kila kiti na blanketi jekundu mgongoni. Watu wanakaa, wanaletewa. Nimewatazama kila Agosti huku nakaanga vitunguu. Nilikuwa na wivu. Sijamwambia mtu. Nilikuwa na wivu mpaka nikiungua vidole.

Eda nimemaliza mwezi wa nne. Nina miaka sitini na moja. Hapo molini nafanya mazoezi ya kukaa.

Nimemwambia Nasser siendi kupika. Kacheka. Kadhani namtania.

Ijumaa, 4 Julai

Chakula cha Ijumaa kwa Nasser. Wifi yangu Sharifa alikuwepo, dada wa marehemu Saidi. Habari za molini anazo zote. Kuna mtu kaniona dirishani. Kasema mbele ya sinia, watu wote wanasikia, kwamba ile jibini hupikwa kwa mvinyo. Mvinyo mweupe, glasi nzima, kabla ya kutiwa jibini yenyewe. Huyu mwanamke hajawahi kuchemsha yai, leo anajua mpaka kinachotangulia chunguni.

Nikamwambia hapa kwetu hawatii. Akasema, "Mie nnajua nnachosema, Asya."

Nasser kabadilika uso. Wake wa wanangu wakainamia wali. Nimekula, nimenawa, nimeondoka. Sikuosha hata kikombe. Haijapata kutokea.

Jumatatu, 7 Julai

Binamu yangu wa Hamriya kapiga simu kuniuliza, kwa kuzunguka sana, kama ni kweli nimeanza kunywa. Kutoka jibini mpaka ulevi, wikiendi moja tu. Namjua aliyeanza.

Jioni Nasser kaja mwenyewe. Hakuvua hata viatu. Mama, jina letu. Mama, pale pahala usiende tena. Mama, usipopika wewe nani atapika? Wake zetu wana watoto wachanga, shangazi Sharifa anaumwa magoti. Kama hupiki, basi safari ivunjike, na wajukuu uwaambie wewe.

Hapo kanipiga pabaya. Kaweka watoto mbele kama ngao.

Nimemwambia avunje.

Alipoondoka nimelia. Kisha nimekula mkate na chai, nimesimama pale pale jikoni, kwa mazoea. Nikajiona nilivyosimama. Nikavuta kiti.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda. Na abaya langu zuri, lile la harusi za watu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nimemuuliza Mercy habari za mvinyo. Kanipeleka hadi mlango wa jikoni. Mpishi kanionyesha chupa: maji ya tufaha na ndimu. Mercy kacheka, kasema hapo hata siki watu huiulizia kwanza. Nilijua. Lakini nilitaka kuona kwa macho, nisije nikabishana kwa mdomo mtupu.

Nimempigia Sharifa palepale, meza ya dirishani. Nimemwambia Jumatano ijayo aje aione hiyo chupa, aionje hiyo jibini, kisha akatangaze tena. Kasema hata siku moja. Nimemwambia nitakuwepo, kiti kipo, uma ipo.

Nasser hajapiga simu tangu juzi. Inaniuma. Sirudi nyuma.

Jumatano, 16 Julai

Kaja.

Hakuja kuonja, kaja kufumania. Kataka pazia, nimemkatalia. Kakaa dirishani kajivuta mtandio mpaka puani. Kamhoji Mercy kama askari. Chupa ikaletwa mezani, kaigeuzageuza, kaisoma mbele na nyuma, kainusa. Kairudisha kwa Mercy.

Kisha kachukua uma. Kachoma mkate, kazungusha chini kabisa ya chungu, kauinua, kausokota kidogo jibini isichirizike, kautia mdomoni. Hakudondosha hata chembe. Hakuna aliyemwonyesha. Mimi huu mwezi mzima nadondosha.

Akatafuna. Kasema, na nadhani ulimi ulimtoka tu, "Ya kule nzito zaidi. Ila kule ndo wanatia mvinyo, niliwauliza baada ya kuionja, ndo maana nikawa nnakula viazi."

Nikaweka uma chini.

"Kule wapi, Sharifa?"

Kaitazama uma yake. Kengele za ng'ombe juu ya kichwa chake.

Magoti. Kila Agosti, baada ya sala ya alasiri, Sharifa hushuka kutembeza magoti. Amri ya daktari. Anarudi magharibi, anakaa, anasema hana hamu ya chakula, na mimi namwonea huruma nampikia uji. Uji.

"Pale penye mablanketi mekundu?"

"Hapo hapo. Viazi vya kukaanga, na yai juu."

"Nisikuone vipi? Dirisha langu linatazama pale."

"Nilikuwa nnakaa ndani," kasema. "Nje ungeniona."

"Kila mwaka?"

"Kila siku."

Aisifuye mvua imemnyea, na aitukanaye vilevile. Nilitaka kummwagia chungu. Naandika kweli: nilikishika mpini. Si viazi vilivyoniuma. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ananiona dirishani na vitunguu vyangu, halafu anaagiza. Mara moja tu angeniambia, njoo.

Nimemwambia hivyo. Kasema aliogopa nikienda mimi, hakuna wa kupika, na kaka yake angeuliza sababu. Jibu baya, lakini la kweli. Nimemuuliza kama marehemu alijua. Kasema hakujua. Sina hakika kama namwamini.

Machozi yalimtoka. Yangu hayakutoka. Nikamwambia leo leo ampigie Nasser, kwa mdomo wake ule ule uliosema mvinyo. Amwambie jibini ni safi, na Asya hapiki Agosti.

"Na viazi utamwambia?" kauliza Sharifa.

"Nitaona."

Tukamaliza chungu. Mara ya kwanza kimemalizika.

Alhamisi, 17 Julai

Nasser kapiga simu. Sauti iko chini. Shangazi yake kamwambia yote, na viazi pia. Sikutegemea. Nimempa heshima yake kwa hilo, nusu.

Safari ipo. Asubuhi watakula mkate nyumbani, usiku nje, samaki na viazi, wataulizia mafuta. Anayetaka wali aupike. Kisha akaniuliza mimi ningependa kula nini kule.

Kunitajia chakula wanachotaka wao, hilo nimelizoea. Hili lilikuwa geni. Nimemwambia nitafikiri.

Jumatano, 30 Julai

Nimempelekea Mercy lile sufuria kubwa. Wanaishi wasichana wengi nyumba moja huko Ghala, na sufuria lao la ugali halina mpini. Kaliinua kwa mikono miwili, kauliza, "Mama, na wewe utapikia nini?"

Nimemwambia ninayo madogo.

Jumamosi, 2 Agosti

Gari inakuja kesho baada ya alfajiri. Sharifa kapiga simu mara mbili kuuliza kama nimefungasha. Ananibembeleza siku hizi. Namwacha anibembeleze.

Sanduku liko wazi kitandani. Pahala pa mchele patupu. Nimetia mtandio wa sufu, nimetia dawa zangu. Bado patupu.

Miaka yote nilibeba champali za jikoni, bapa, za kusimamia. Leo nimetoa kwenye boksi vile viatu vyeusi vyenye kisigino, vinavyobana nikitembea. Nimevijaribu mbele ya kioo. Nikikaa havibani.

Nimevitia sandukuni.