Panya wa Mfukoni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeketi pale dirishani penye mwanga, miwani puani, na kile kikohozi cha asubuhi kimekupa nafasi. Goti limepoa? Unakula kweli, au bado unamdanganya jirani kwamba umeshakula? Mimi mwili hauna neno, nikilalamika nitakuwa sina shukrani. Ningekupigia simu, lakini najua ile niliyokununulia umeizima na kuifungia kabatini. Fundi umeme mzima, umewasha nyumba za watu miaka nenda miaka rudi, halafu unaogopa kitu kinacholia mfukoni! Haya, ngoja niandike.

Barua yako ya mwisho niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni, begi la kazi begani. Nilikuomba uje tukae pamoja, nawe ukanijibu kwa mistari miwili tu: kwamba macho yako siku hizi hayaoni hata kichwa cha skrubu, mikono inatetemeka, ukija kwangu utafanya nini, na kwamba kiumbe asiye na kazi ni mzigo wa nyumba. Niliumia, Baba. Nikasema nitakujibu hasira ikinitoka, na kabla haijatoka, Fyuzi akaugua.

Najua utashtuka, maana katika dunia hii yote huyu ndiye panya pekee uliyewahi kumvulia kofia. Si unakumbuka siku ulipokuja kunitazama kazini kwenye lile jengo la shule? Bomba la waya lilipita ndani ya ukuta likikata kona, waya wako mgumu wa kuvutia ukagoma katikati, nawe ukaanza kuitukana simenti na ukoo wake. Nikamtoa Fyuzi mfukoni, nikamfunga uzi kwenye kimkanda chake cha tumboni, nikamwachia kwenye tundu la bomba, kisha nikaenda upande wa pili kumgongea kwa karanga. Akatokea na vumbi puani na uzi nyuma yake. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya. Ulicheka mpaka ukaketi kwenye ndoo ya rangi. Tangu siku hiyo humwachi kwenye salamu, unamwita mfanyakazi mwenzetu, na nasikia majirani zako wamezichoka sifa zake.

Basi asubuhi moja nilikwenda kumfungulia kama kawaida, nikamkuta kichwa kimelala upande wa kushoto. Alipojaribu kunijia alizunguka palepale, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Moyo ulinilipuka paa. Jana yake jioni tu alikuwa mzima, amekula vizuri, tena ameniibia kifungo cha shati na kukificha kwenye matambara yake. Sikunywa hata chai. Nilimviringisha kwenye taulo, nikampigia mwenye kazi kumwambia kwamba nina mgonjwa nyumbani, na sikusema ni nani.

Kwa daktari wa mifugo palikuwa na foleni ya mbwa na mbuzi. Jamaa mmoja mwenye mbuzi alichungulia ndani ya taulo langu, akauliza kama siku hizi hata wezi wanatibiwa. Watu wakacheka. Ningemjibu, wewe unanijua, lakini siku hiyo nilimfunika tu Fyuzi vizuri, nikageukia mlango wa daktari. Daktari mwenyewe, mama mmoja mwenye buti za mpira, hakucheka. Alimmulika Fyuzi masikioni, akamsikiliza kifua, akamtazama macho kwa utulivu. Aliniambia waziwazi kwamba yeye ametibu ng'ombe wengi na panya wachache. Huenda ni ugonjwa wa ndani ya sikio, huenda ni kichwani, na dalili zake zinafanana. Akanikumbusha kwamba panya akikaribia miaka mitatu ni mzee wa kuheshimiwa. Angempa dawa za kujaribu yote mawili, kisha tungoje. Ila kama angekataa kula na kuzidi kuteseka, nimrudishe ampe sindano ya kumpumzisha. Neno hilo alilisema polepole, mkono wake ukiwa mgongoni mwa Fyuzi, nami nikampenda kwa hilo.

Nyumbani nilibadilisha kila kitu. Niliondoa ghorofa ya juu ya kibanda chake asije akaanguka, nikatandika taulo chini, nikazungushia soksi zangu kuukuu kandokando ili ajiegemeze. Maji nilimpa kwa kibomba cha sindano kisicho na sindano, tone baada ya tone, pamoja na uji mwepesi na ndizi iliyopondwa. Mengi yalimwagikia kwenye shati langu. Kazi nilizokuwa nazo nilizisogeza, na moja ikachukuliwa na fundi mwingine. Haidhuru.

Sasa sikiliza kioja. Mama mwenye nyumba, yule ambaye tangu nihamie hapa hajawahi kulitaja jina la Fyuzi, humwita "yule kiumbe wako" na hapiti mlangoni kwangu bila kuinua gauni, alinisikia nikilia. Alisimama kizingitini, akauliza kuna msiba gani. Nilipomweleza aligeuka akaondoka, nikadhani amekwenda kunicheka. Alirudi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, akaisukuma ndani kwa ufagio. Kwa ufagio, Baba! Akaniambia niache kumbembeleza mnyama kana kwamba namwomba ruhusa, kwani mgonjwa haulizwi uji. Tangu hapo kila asubuhi nilimsikia nje ya mlango akiuliza mgonjwa kaamkaje, na nisipojibu upesi anagonga.

Lakini hali haikuwa hali. Dawa alimeza, chakula akawa anakiacha kimdondoke. Alilala tu, manyoya yamesimama, pumzi juu juu. Ikafika siku nikajipiga moyo konde, nikasema mapenzi si kumlazimisha mtu abaki kwa ajili yangu. Nikatandika taulo safi ndani ya boksi la balbu ili nimpeleke kwa daktari kwa ile safari ya mwisho. Nilikuwa nimejikaangia yai, nikajaribu kulila nikiwa nimempakata, machozi yananitiririka, na kipande kikaniponyoka. Fyuzi akakidaka. Akakishika kwa mikono miwili, akaangukia ubavu, na wala hakuhangaika kuinuka. Alikula hukohuko amelala kama bwana harusi aliyeshiba, akimaliza akaanza kunusa sahani. Nilipiga ukelele hata mama mwenye nyumba akaja mbio, na kwa mara ya kwanza akaingia hadi ndani.

Safari kwa daktari tulikwenda, ila kwa furaha. Alimpima, akasema inaelekea lilikuwa sikio, na kwamba dawa imeshika. Kichwa huenda kikabaki upande siku zote, na uzee hauna dawa. Ana wiki au ana miezi, hilo yeye hawezi kuapa. Lakini kwa sasa anakula, anatembea akipepesuka, na jana ameiba kifungo kingine. Tumshukuru Mungu.

Baba, hapa sasa ndipo nataka uvae miwani vizuri. Kuna jambo nimekuficha. Fyuzi hafanyi kazi. Hajavuta uzi hata mmoja tangu mvua za mwaka jana. Siku hiyo aliingia kwenye bomba, akasimama katikati. Niliweka sikio ukutani, nikagonga, nikaita, na alipotoka alirudi kinyumenyume, miguu ya nyuma inatetemeka. Nilimfungua kile kimkanda, sijamvika tena. Lile bomba la zahanati nililokuandikia kwamba alilipita kama mshale, nililivuta mimi kwa waya mgumu, jasho linanitoka hadi kwenye viatu. Yeye alikuwa mfukoni, amelala. Wateja wakiuliza, nawaambia amepanda cheo, sasa ni msimamizi.

Nilikudanganya kwa sababu ya lile neno lako la mzigo, ambalo umekuwa ukilisema tangu nikiwa mdogo. Niliogopa ukijua hana kazi hutamsalimia tena. Halafu ikaja barua yako, nikaona kwamba neno lenyewe umejigeuzia wewe. Ukitaka kujua ukweli, siku zile nilizokuwa nimempakata sikukumbuka hata bomba moja alilopita. Nilichotaka ni aamke asubuhi anitazame. Basi. Nawe nakutaka hivyohivyo, macho hayo hayo, mikono hiyo hiyo inayotetemeka.

Chumba cha nyuma, nilichokuwa naweka nyaya, nimekiondolea vitu na kukipaka rangi. Swichi nimeishusha hadi usawa wa kitanda usipapase gizani, na taa ni mbili ili usome. Nilitaka kukuwekea meza ya kazi ujisikie una shughuli, nikaghairi. Kuna kitanda, kuna kiti, kuna dirisha. Sanduku lako la vifaa lilete ukipenda kwa kulipenda, ila usije nalo kama nauli. Na sikuombi tena jibu, maana mgonjwa haulizwi uji. Wiki ijayo nakuja kukuchukua. Wewe fungua tu mlango.

Mama mwenye nyumba anakusalimu sana, anauliza kama wewe nawe unapenda mayai. Msalimie jirani, mwambie asante kwa kukuangalia, na akuonyeshe namna ya kuiwasha ile simu, nitakupigia nikiwa njiani. Fyuzi yupo hapa mapajani, kichwa upande. Sijui ana siku ngapi, lakini zote atazila bure. Nawe kiti chako kiko kando yake.

Ni mimi mwanao, niliyetia kidole kwenye soketi ukanibatiza jina,

Kidole